Kumfundisha mwenzako wa kazi asiye na hamu

Makala haya ni ya muuguzi wa kituo cha afya, awe Baraka, Nundu, Fizi-centre au kijiji chochote cha kandokando ya Ziwa Tanganyika, hapa Fizi mashariki ya Kongo, ambaye IT wake (infirmier titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo) amemwita na kumwambia: "Huyu ni mgeni wetu, umfundishe kazi." Siku chache baadaye anaona mgeni mwenyewe anafika saa nne, anakaa chini ya mwembe na simu yake, na mgonjwa akiingia yeye ndiye wa mwisho kunyanyuka. Fundi wa pikipiki mwenye kijana wa kujifunza, mwalimu aliyeletewa mwanafunzi wa mazoezi na mwenye duka la dawa watajiona humu pia. Mifano nitaitoa kwenye kituo cha afya kwa sababu huko uvivu wa mmoja humwangukia mtu ambaye hakuulizwa: mama aliyeshuka mlimani na mtoto mwenye homa mgongoni.

Niseme mapema jambo ambalo si wote watakaolikubali. Kumfanya mtu aipende kazi si jukumu lako, na hakuna aliyekupa uwezo huo. Ulichopewa ni kumfundisha kazi yenyewe, aifanye sawasawa na ionekane kwamba ameifanya. Wafundishaji wengi huchoka mapema kwa sababu wanahubiri. Wanamweleza mgeni habari za wito, za kiapo, za Mungu anayeona yote, wakati mgeni hajui hata sanduku la vipimo limewekwa wapi. Hamu ikija, mara nyingi huja nyuma ya ujuzi.

Anaishije?

Kabla hujamwita mvivu, jua anaishije. Kwenye vituo vyetu pesa ya mfanyakazi hutoka pande kadhaa na hakuna upande ulio wa uhakika. Kuna mshahara wa serikali kwa wale waliomekanizwa, yaani walioingia kwenye orodha ya Kinshasa. Kuna primu, yaani posho, ya hatari ya kazi, ambayo ina orodha yake yenyewe. Wapo wanaopata primu bila mshahara, na wapo wasiopata chochote kati ya hivyo viwili. Kuna mgawo wa mapato ya kituo, kile wanacholipa wagonjwa, ambacho hugawanywa mwisho wa mwezi kufuatana na daraja la kila mmoja. Halafu kuna primu ya mashirika, inayokuja na mradi na kuondoka na mradi. Shirika likifunga ofisi yake, wauguzi wale wale hubaki na wagonjwa wale wale, mfuko ukiwa mwepesi zaidi.

Walimu wanaijua hali hii vizuri kuliko sisi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliposhindwa kuwalipa, wazazi ndio waliochanga pesa ya kumbakiza mwalimu darasani. Mchango huo uliendelea mpaka elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za serikali, mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019. Ilikuwa heri kubwa kwa watoto, lakini mwalimu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha alipoteza cha mzazi kabla hajaona cha serikali. Mtu wa namna hiyo akichelewa darasani kwa sababu alikuwa shambani, au alikuwa ziwani akinunua dagaa wa kuuza, uvivu si jina lake.

Wewe mfundishaji huwezi kumpa mshahara. Unachoweza ni kuhakikisha hadanganywi. Mwombe IT amweleze mgeni wazi, wiki ya kwanza, mbele yako: mapato ya kituo yanagawanywa namna gani, yeye yuko daraja gani, mwezi uliopita mtu wa daraja hilo alipata kiasi gani, na faili lake la kumekanizwa limefika wapi. Mara nyingi mgeni amekuja na hesabu aliyopewa na mjomba wake, akakuta hesabu nyingine, akanyamaza. Huo unyamavu ndio unaouona chini ya mwembe. Na tafadhali, usimwahidi kwamba akifanya kazi vizuri atamekanizwa haraka. Huna mkono katika jambo hilo. Ahadi ikikosa kutimia, maneno yako mengine yote yatapungua uzito.

Pesa si sababu pekee. Iliyo ngumu kuonekana ni aibu. Kijana amemaliza ITM, shule ya uuguzi, ana diploma yake ya A2, lakini katika mazoezi walikuwa kundi zima kwenye kitanda kimoja, na waliopata kushika sindano ni wale waliokuwa mbele. Sasa anaogopa mshipa wa mtoto, na heri aonekane mvivu kuliko aonekane hajui. Mwingine aliletwa na ndugu zake au na mkubwa wa kanisa na hakuitaka kazi hii tangu awali. Mwingine amekimbia kijiji chake, kama walivyokimbia wengi kwenye milima yetu na kama walivyokimbia Warundi waliopokewa katika kambi ya Lusenda tangu 2015. Mwili uko kazini, usiku hakulala. Huyu wa mwisho usimwache zamu ya usiku peke yake, na kama pana mshauri wa kisaikolojia hospitalini au kwenye shirika lolote la karibu, mpeleke mapema.

Namna ya kuuliza ina maana yake. Usimwulize mbele ya wagonjwa, wala ofisini kwa IT, ambako kila swali linasikika kama mashtaka. Mwulize mkiwa njiani kurudi nyumbani, na uanze na mambo ya nyumbani.

"Mdogo wangu, tangu umefika sijakuuliza. Unalala kwa nani?"

"Kwa mjomba, yaya. Kule Mutambala."

"Na kazini unakujaje?"

"Kwa miguu."

Hapo umejua saa nne inatoka wapi. Pengine dawa yake ni kumpa zamu inayoanza mchana mpaka apate chumba karibu, na maneno ya wito hayakuhitajika.

Jaribio moja litakusaidia kumtenganisha asiyeweza na asiyetaka. Mpe kazi moja aifanye mbele yako, mgonjwa akiwepo, na wewe usiseme kitu ila hatari ikitokea. Akiifanya vizuri ukiwepo na kuiacha ukitoka, hataki. Akitafuta sababu ya kutoka nje kila kazi ile inapokuja, mara maji, mara simu, mara amesahau kalamu, hawezi. Kwa maoni yangu hawa wa pili ni wengi kuliko tunavyodhani, na dawa yao ni rahisi: mazoezi ya faragha, jioni, wagonjwa wakiisha.

Kazi moja, hatua kwa hatua

Mwaka 1940 Marekani, ikijitayarisha kwa vita, ilianzisha programu iliyoitwa Training Within Industry. Viwanda vilikuwa vinajaa watu ambao hawajawahi kugusa mashine, na mafundi wa kuwafundisha walikuwa wachache na wenye haraka. Njia yake ya kufundisha kwa hatua nne ilitoka kwa Charles Allen, aliyefundisha wajenzi wa meli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadi programu inafungwa mwaka 1945, zaidi ya watu milioni 1.5 walikuwa wamepata cheti chake, na baada ya vita Japani iliichukua. Naileta Fizi kwa sababu haikungoja mwanafunzi awe na hamu. Ilidai mfundishaji ajipange, na ikasema kwamba mwanafunzi asipojua, aulizwe kwanza aliyemfundisha.

Hatua ya kwanza, mtayarishe: mwambie ni kazi gani leo, moja tu, na umwulize anajua nini tayari juu yake. Ya pili, mwonyeshe huku ukisema kila hatua na sababu yake. Ya tatu, afanye yeye na yeye ndiye aseme. Ya nne, mwachie, umwambie ni nani wa kuuliza akikwama, kisha urudi kumwangalia, mara nyingi mwanzoni na kidogo kidogo baadaye. Tunaloruka sisi ni lile la kumfanya aseme. Tunaonyesha mara moja, haraka, tunauliza "Umeelewa?", anajibu "Ndiyo, yaya," basi. Mtu mwenye adabu atakujibu ndiyo hata kama hakuona kitu.

Tuchukue TDR, kipimo cha haraka cha malaria, kwa kuwa hakuna kituo cha huku kinachopitisha siku bila hicho. Andika hatua zake kwa mkono kwenye karatasi ngumu na uibandike ukutani. Tazama tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Andika jina la mgonjwa juu ya kipimo kabla ya kumchoma, kwa maana watoto watatu wakiwa mezani vipimo vyote vinafanana. Choma kidole, kisha sindano iingie saa hiyo hiyo kwenye sanduku la vitu vyenye ncha, bila kurudishiwa kifuniko. Damu ina tundu lake na dawa ya maji ina tundu lake. Matone ni idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya watengenezaji, kwa sababu aina hutofautiana. Tazama saa. Subiri dakika zilizoandikwa, mara nyingi 15 au 20. Mstari wa udhibiti usipotokea, kipimo hicho hakisemi kitu hata kama mstari mwingine umetokea. Chukua kingine.

Sasa jiulize: asiye na hamu atakata wapi? Atakata kwenye dakika. Dakika ya tano anaona mstari mmoja, anaandika "hasi," anampa mama parasetamo, anarudi kwenye mwembe wake. Mweleze kwamba mstari hafifu hutokea kwa kuchelewa, na kwamba mtoto huyo anaweza kurudishwa usiku akiwa na degedege. Halafu mpe cha kufanya katika dakika hizo: apime joto, ampime mtoto uzito, ajaze rejista, amwulize mama kuhusu chandarua. Kungoja bila kazi kunamshinda hata mtu mwenye bidii.

Usifundishe kazi ya pili kabla ya ile ya kwanza kusimama. Najua zoni ya afya inataka ripoti, IT anataka zamu ijazwe, na wewe unataka kupumzika. Lakini mtu aliyeonyeshwa mambo kumi kwa siku mbili anabaki na kisingizio halali kwa yote kumi.

Kitu kiwe chake

Akishaiweza kazi moja, mpe kitu ambacho ni chake kabisa, kidogo lakini kizima. Friji ya chanjo inafaa sana. Joto lake libaki kati ya digrii 2 na 8, lisomwe asubuhi na jioni kila siku, Jumapili nayo imo. Jina la mgeni liandikwe kwenye karatasi ya friji, ufunguo awe nao yeye, na siku ya chanjo yeye ndiye asimame mbele ya akina mama na kueleza kwa nini chanjo ya surua iliyokwisha kuchanganywa haitumiki tena baada ya muda wa saa sita. Kuna vijana nimewaona wakibadilika, na kilichowabadilisha hakikuwa maneno ya mkubwa yeyote. Ni mama wa kijiji aliyefika na kuuliza: "Yule muganga wa sindano za watoto yuko wapi?"

Ila kumpa kitu si kukisahau. Karatasi ya friji inasoma tabia ya mtu. Ukikuta wiki nzima imeandikwa 4, 4, 4, 4, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ujue imejazwa Jumamosi jioni kwa mara moja. Usimpigie kelele. Kesho yake asubuhi nendeni pamoja, asome yeye, uandike wewe, kisha mwulize ile karatasi ingemsaidiaje mtoto kama friji ingezimika Jumatano.

Kwa TDR kuna hesabu rahisi zaidi. Masanduku mengi huja na vipimo 25. Hesabuni vilivyobaki asubuhi, hesabuni jioni, linganisheni na mistari ya rejista. Rejista ikisema wagonjwa tisa na sanduku limepungukiwa vipimo sita, watatu waliandikwa bila kupimwa. Hapo huna haja ya kumshutumu, mwache ahesabu mwenyewe.

Usifanye kazi yake

Huu ndio mtego mkubwa, na huwanasa wafundishaji wazuri zaidi. Mgeni hakufagia chumba cha kujifungulia, unafagia. Hakujaza rejista, unajaza usiku kwa tochi. Ripoti ya mwezi imefika tarehe yake, unaandika ya kwako na yake. Baada ya miezi miwili una kazi mbili, yeye hana hata moja, na IT anasema mambo yanakwenda vizuri kwa sababu haoni pengo lolote.

Gawa mambo mawili. Kila kinachogusa uhai wa mgonjwa, kifanye papo hapo, bila kubishana, na ueleze baadaye: maji ya mtoto wa kipindupindu hayangoji somo. Kingine chote kiache mahali pake, kionekane. Sakafu ya chumba cha kungojea ikibaki na vumbi mpaka saa tano, watu wataona, IT ataona, naye ataona kwamba wameona. Inauma kwa mtu mpenda usafi, lakini ukiifuta wewe, umefuta na ushahidi.

Wakati huo huo uwe na daftari, dogo, la kwako. Andika tarehe, kazi, kilichotokea, ulichosema, naye alichojibu. "Tarehe 4, saa mbili na nusu: joto la friji halikuandikwa. Nimemwambia. Ameandika saa nne." Hiyo inasimama mbele ya mtu yeyote. "Ni mvivu na ana kiburi" haisimami popote, na ikisomwa na ndugu zake itakuletea ugomvi wa ukoo mzima. Mambo mazuri nayo uyaandike, maana daftari lenye makosa matupu linaonyesha kwamba ulikuwa unamwinda.

Kuhusu ukoo, tuseme wazi. Fizi ni ya Wabembe na Wabuyu, Wafuliru na Wanyamulenge, Warundi na wengine, na miaka ya vita haikumwacha mtu bila jeraha. Sahihisho dogo la kazi linaweza kusikika kama tusi la kabila. Basi ukimsahihisha mtu, tumia lugha anayoisikia vizuri, ambayo kwa kawaida ni Kiswahili, na usigeuke kuzungumza na wenzako lugha ya kwenu akiwa bado amesimama pale. Sheria za kituo ziwe zile zile kwa mpwa wa chifu na kwa aliyefika jana.

Mgeni akiwa mkubwa kwako kwa umri, kazi ni ngumu kidogo. Papa amehamishwa kutoka kituo kingine, ameuguza watu tangu wewe uko shule ya msingi, na sasa unaambiwa umfundishe fomu mpya. Usisimame mbele yake kama mwalimu. Mwambie, "Papa, zoni wameleta karatasi mpya, tuisome pamoja nione kama nimeielewa." Karatasi ndiyo imsahihishe. Na mwombe akufundishe jambo analolijua yeye. Wazee hawa wana mkono wa kutafuta mshipa ambao diploma haitoi. Kinyume chake, mama mkunga anayemfundisha kijana wa kiume ajihadhari asifanywe mama yake wa nyumbani. Atamwita "mama" kwa heshima, halafu amwachie ndoo na fagio. Heshima aipokee, na ndoo amrudishie.

Ikishindikana

Ukishafundisha kwa hatua, ukampa muda, na daftari linaonyesha hali ile ile, mpelekee IT. Usipeleke malalamiko, peleka mambo matatu: kazi aliyofundishwa, tarehe ulizomwangalia, na unachoomba. Omba kitu kimoja kinachowezekana: abadilishwe zamu, apewe mfundishaji mwingine, ahamishiwe famasi au mapokezi, au IT mwenyewe aketi naye. Ikikwama hapo, ngazi inayofuata ni usimamizi wa ofisi kuu ya zoni ya afya wanapokuja kukagua. Usiipeleke sokoni wala kanisani. Na kamati ya afya ya kijiji iachiwe malalamiko ya wagonjwa. Mambo ya kazi kati ya wauguzi si yake.

Jambo la sheria, kwa kifupi. Kituo kikiwa cha mtu binafsi, na vivyo hivyo duka la dawa au karakana, wafanyakazi wako chini ya Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa 2016. Kipindi cha majaribio lazima kiandikwe, na hakipiti mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi 6 kwa wengine. Baada ya hapo mtu haondolewi ila kwa sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya kazi, naye hupewa notisi. Watumishi wa serikali wana sheria yao nyingine, ya tarehe 15 Julai 2016, yenye njia yake ya adhabu. Kwa vyovyote, wewe mfundishaji huna mamlaka ya kumfukuza mtu wala kumkata mgawo wake, na usimtishie kwa jambo usiloliweza.

Mwingine atakuja, kwa sababu aliyefundisha mmoja huletewa wa pili. Safari hiyo, kabla ya kukubali, mwombe IT vitu vitatu kwa maandishi: orodha ya kazi ambazo mgeni anatakiwa kuzijua, tarehe ya kumpima, na jina la mtu atakayeshika nusu ya wagonjwa wako saa unazofundisha.